Mdogo Wake Gogo

Maneno yanayozungushwa sokoni, kwamba binti yule alizimia kwenye chumba cha upasuaji, hayana ukweli hata chembe. Alilala sakafuni, hilo hakuna anayelikataa. Lakini kulala sakafuni ni jambo moja na kuzimia ni jambo jingine kabisa, na tofauti yake inastahili kuelezwa taratibu.

Kwanza kaka yake. Naye alisomea udaktari, naye alipelekwa hospitali ileile ya shamba kwa mafunzo, na siku ya kwanza ya kutazama upasuaji alianguka kabla kisu hakijagusa ngozi. Kijana hakuwa amekunywa chai asubuhi ile. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa. Wahudumu wa pale hawakuelewa. Walimbandika jina la Gogo, wakampeleka stoo kukunja mashuka mpaka muda wake ukaisha. Ndiyo maana mdogo wake alipofika na begi lake, mpishi wa hospitali alimtazama juu chini, kisha akapaza sauti kuelekea jikoni: "Njooni mwone! Gogo katuletea mdogo wake!"

Binti alimwamkia, akauliza chumba cha upasuaji kiko wapi.

Asubuhi ya upasuaji mama yake alipiga simu. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama."

"Kunywa tena. Mwenzio kashatuvua nguo huko. Wewe nenda ukatuvishe."

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa mzee mshona viatu, mwenye ngiri iliyokuwa imemsumbua miaka. Alikwisha kuchomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa kama hayupo, na kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa redio.

Daktari, mtu mfupi aliyesimama juu ya kibao ili aifikie meza vizuri, alimpa binti masharti yake. "Utanawa kama sisi, utavaa kama sisi, utasimama karibu. Usiguse kitu. Tukimaliza ukiwa bado umesimama, kuanzia kesho utanisaidia mezani. Ukianguka, stoo unaijua iliko?"

"Naijua, daktari."

"Kaka yako alikuwa anakunja vizuri sana," alisema sista msimamizi wa chumba kile.

Binti alisugua mikono mpaka viwikoni, akavishwa gauni na glavu, akaingia na mikono ameiinua mbele ya kifua kama mtu aliyebeba sinia lisiloonekana. Mzee wa viatu akageuza kichwa. "Hujambo, binti?" Akanyoosha mkono.

Sasa, mtoto aliyelelewa vizuri afanye nini? Alikunja goti kidogo, akaupokea mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Huyu ana adabu huyu!"

"Ana adabu na vijidudu," alisema sista. "Toka! Kanawe upya!"

Aliporudi, mzee alimpokea kama mgeni aliyepotea siku nyingi. "Umerudi! Habari za nyumbani?" Na mkono huo, umenyooshwa tena. Wa binti nao ukaanza kwenda wenyewe. Sista akakohoa. Binti akarusha mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Nzuri, baba, ila leo sina mikono."

"Pole sana, mwanangu," alisema mzee, kwa huruma ya kweli.

Daktari akapasua. Binti akatazama; na kadiri alivyotazama ndivyo alivyotaka kuona zaidi, maana mle ndani kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri kuliko mashuka ya stoo yoyote.

Ndipo taa kubwa ya juu ya meza ikapepesa, ikazimika. Mwanga wa dirishani ulitosha kwa muda, na daktari alikuwa na taa yake ya kichwani, lakini fundi umeme aliitwa haraka. Huyu alikuwa mtu mrefu wa kubadilisha balbu bila ngazi, na ndiye aliyemcheka Gogo kuliko wote. Alivishwa gauni likamwishia magotini.

"Fundi, tazama juu tu," sista alimwonya.

"Mimi nimechinja ng'ombe, sista," alisema fundi, akatazama chini.

Alisema "Aa," mara moja, kisha akaanza kuja upande wa binti. Mtu mwingine angenyoosha mikono amdake, au angalau ajikinge. Binti alikuwa amekatazwa kugusa kitu. Akaiinua mikono juu zaidi, wakaenda chini wote wawili, fundi juu, binti chini, na ubavuni mwa fundi ikachomoza mikono miwili yenye glavu, imenyooka kuelekea darini.

"Nani kaanguka?" aliuliza mzee.

"Fundi," ilijibu sauti kutoka sakafuni. "Mimi nimeangukiwa."

Daktari hakuinua macho kwenye kazi yake. "Umezimia?"

"Hapana, daktari. Na sijagusa kitu."

Sista akainama, akakagua. "Mikono safi. Mgongo ndio umefagia chumba."

"Lakini nilisema awe amesimama," alisema daktari.

Stoo ilikuwa inanukia kabisa.

"Daktari," alisema mzee, "mimi niko macho, na mimi ni shahidi. Mtoto hakuanguka, kaangushwa. Ukimpeleka stoo, nashuka mezani sasa hivi."

"Utashuka na miguu gani, mzee?"

Sista ndiye aliyecheka wa kwanza. Daktari alijaribu kujikaza, barakoa ikatetemeka usoni. "Haya, kanawe tena," alisema. "Ukirudi utanikatia nyuzi. Usingoje kesho."

Binti alizikata zote kwa mwanga wa taa ya kichwani mwa daktari, kila moja mahali alipoonyeshwa. Fundi, yeye, alibebwa mpaka stoo akalazwa juu ya mashuka, na ilipofika saa ya chakula mpishi alikuwa anamwita Gogo mbele ya foleni nzima.

Jioni binti alimpigia mama yake simu, akaeleza yote.

"Kwa hiyo ulianguka?" aliuliza mama.

"Niliangukiwa, mama."

"Basi sema hivyohivyo kila mahali," alisema mama. "Na lile la kufagia sakafu, liache hukohuko."