Muda wa Sakafu Kukauka

Mama yangu mdogo, ambaye sote tulimwita Anti, alikuwa akifanya usafi katika maktaba moja mjini, orofa ya tatu. Alikuja kwetu katika mtaa wa Ziwani kutoka Machakos akiwa na miaka kumi na tisa, sanduku la bati na cheti cha darasa la nane. Chumba chetu kilikuwa kimoja, basi mimi na yeye tulilala kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu yake kichwani pangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa, na wiki nyingi hatukumwona.

Msimamizi wa Anti alikuwa na sheria moja: ukishapiga deki, usikanyage mpaka pakauke. Kila asubuhi, kabla maktaba haijafunguliwa, Anti alipiga deki kuanzia mlangoni akirudi nyuma hadi kona ya mwisho, na huko akajikuta amezingirwa na maji, hana pa kwenda. Kwenye kona hiyo ndiko kulikokuwa na vitabu vikubwa vya maarifa, vyenye majalada ya kahawia. Wiki ya kwanza alivitazama tu. Wiki ya pili akafungua kimoja. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya kijijini, kwa hiyo alisoma taratibu, jambo moja kwa siku, muda wa sakafu kukauka.

La kwanza lilikuwa pweza. Jioni hiyo alivua viatu, akachukua mtungi, nikamfuata bombani, mahali ambapo watu wa mistari yetu ya nyumba walipanga foleni maji yalipokuwa yanatoka. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeleta habari ya msiba, "Pweza ana mioyo mitatu."

Sidhani kama palikuwa na mtu pale aliyewahi kumwona pweza. Mama, ambaye alishinda kwenye cherehani akishona sare za shule na mgongo ulikuwa ukimuuma, aliuliza, "Mitatu ya nini? Mimi huu mmoja wanishinda."

"Miwili inapeleka damu kule anakopumulia. Wa tatu ni wa mwili wote. Na akianza kuogelea, huo wa tatu husimama."

"Husimama, kisha?"

"Kisha anachoka. Ndiyo maana anapenda kutambaa."

Foleni ikasogea. Lakini niliona jirani mmoja ameweka mkono kifuani, kama anayehesabu.

Baada ya pweza alikuja twiga. Anti alituambia kwamba shingo ya twiga, pamoja na urefu wake wote, ina mifupa saba, na shingo ya mtu nayo ina saba. Jioni hiyo ilikuwa kitu cha kutazama: wanawake saba au wanane, mitungi miguuni, kila mmoja akijipapasa kisogo, na mwingine akimpapasa mwenzake, wakihesabu. Mifupa haihesabiki kwa kidole, nyama zinaizuia, lakini hakuna aliyetaka kuacha. Nilihesabu ya Mama nikapata mitano. Mama akasema, "Tafuta vizuri, haiwezi kuwa mitano."

Aliyekuwa haamini ni mzee mmoja aliyeishi mlango uliotazamana na wetu. Kwao kulikuwa magharibi, upande wa Kakamega. Alikuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, akikagua njia kwa miguu, nyundo mkononi. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kuzikwa nyumbani, na tangu hapo alikuja bombani mwenyewe na ndoo ndogo, akiketi juu yake mpaka zamu yake ifike. Kila Anti aliposema jambo, mzee alisema, bila ubaya wowote, "Msichana, karatasi haikatai wino."

Siku moja Anti akaja na hili: mtu huwa mrefu asubuhi kuliko jioni.

Mzee alicheka mpaka ndoo ikayumba. "Chuma, nakubali," alisema. "Chuma kikipigwa na jua hurefuka. Ndiyo maana tuliacha nafasi kati ya reli na reli. Saa saba mchana unakuta ile nafasi imezibika, na alfajiri imefunguka tena. Lakini mtu si chuma."

Sote tukageuka kumtazama. "Reli hurefuka?" Mama aliuliza.

"Kila siku," mzee akasema, akishangaa kwamba tunashangaa. Alikuwa ameishi na ajabu hiyo miaka yote na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Wakakubaliana kupimana. Jumamosi jioni mzee alisimama bila viatu kwenye mwimo wa mlango wetu, Mama akamwekea kitabu changu cha hesabu kichwani, akachora mstari kwa chaki ya ushonaji. Kisha Mama na Anti nao wakapimwa. Jumapili, baada ya chai na baada ya kuteka maji, tukapima tena. Mistari ilikuwa palepale. Labda wa Mama ulipanda unene wa uzi, lakini uzi hauwezi kumshawishi mtu wa reli.

"Nilikwambia," mzee alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomwumiza Anti.

Jumatatu alirudi kazini akasoma ukurasa uleule mpaka mwisho. Jioni alinishika mkono tukaenda kugonga mlango wa mzee. "Tulichelewa," akamwambia. "Sehemu kubwa ya ule urefu hupotea saa ya kwanza baada ya kuamka. Lazima upimwe ukitoka kitandani, kabla hujafanya lolote."

Jumapili iliyofuata, kukiwa ndio kwanza kunapambazuka, mlango wetu ulikuwa wazi na Mama amesimama na chaki. Mzee alivuka ua amejifunga blanketi, akitembea polepole kama aliyebeba maziwa kichwani, akiogopa asije akamwaga urefu wake njiani. Akaegemea mwimo. Mama akaweka kitabu, akachora.

Mzee akageuka. Mstari wa ile Jumamosi jioni ulikuwa pale, na wa leo ulikuwa juu yake, nafasi ya upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Alipitisha kidole kutoka mstari mmoja hadi mwingine, akarudi chini, akapanda tena. Anti akamweleza kwamba kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini, na kutwa nzima tunavikandamiza kwa uzito wetu, kisha tukilala vinafura tena.

"Miaka sabini," mzee alisema hatimaye. "Miaka sabini narefuka na kufupika kila siku, na sikuwa na habari."

Mama naye alisimama akapimwa, na wake ulikuwa umepanda. Alijishika kiuno, pale alipozoea kuumwa. "Kumbe usiku tunarudishiwa," akasema.

Tangu siku hiyo mzee aliamini kila neno la Anti. Alikuwa wa kwanza bombani, na msemo wake wa karatasi na wino hatukuusikia tena. Anti akisema asali ikifungwa vizuri haiozi, mzee ndiye aliyewageukia wengine na kusema, "Sikieni." Nami nilijivuna. Shuleni nilikuwa nikigawa mambo ya Anti wakati wa mapumziko, na wasichana wa darasa la saba walikuja kuniuliza kuna nini leo.

Basi ndiyo maana lile jambo la nywele lilituangukia vibaya. Anti hakulitoa kwenye vile vitabu vya kahawia. Alilikuta kwenye gazeti la zamani lililoachwa mezani, kisanduku kidogo chini ya ukurasa, na akalileta kama alivyoleta mengine: kwamba mtu akishakufa, kucha na nywele zake huendelea kukua.

Mzee aliinuka kutoka kwenye ndoo.

"Kwa muda gani?" akauliza.

"Gazeti halikusema."

Aliteka maji yake akaondoka. Lakini jioni iliyofuata alikuja kwetu, akakaa, akamwambia Mama jambo ambalo hatukuwahi kulijua. Mke wake aliugua muda mrefu, na dawa za hospitali zilimmaliza nywele zote. Alizikwa amefungwa kitambaa. "Alikuwa na nywele nyingi," mzee alisema. "Kila Jumamosi alikuwa akisukwa, anakaa hapo nje kutwa. Kitu kilichomsikitisha kuliko maumivu ni kile kichwa." Akamtazama Anti. "Sasa unaniambia zimeota. Nimelala vizuri jana, mwanangu. Sijalala hivyo tangu tumzike."

Wiki mbili zikapita. Mzee alikuwa mtu mwingine. Alipiga mlango wake rangi ya kijani.

Shule zilipofungwa, Anti aliomba ruhusa akanipeleka maktaba siku moja nimsaidie kupangusa vumbi. Sijasahau nilivyoingia. Nilikuwa nimedhani maktaba ni kabati. Hii ilikuwa ukumbi, rafu zikipanda ukutani hadi juu kabisa, ngazi zimeegemezwa, na harufu kama ya mahindi makavu. Nilianza kuhesabu vitabu vya safu moja, nikaacha. Nilimwuliza Anti amefika wapi. Akanionyesha kitabu cha tatu katika rafu ya chini kabisa, mahali alipoweka uzi kati ya kurasa. Nilitazama ule uzi, nikatazama juu. Ajabu zote zile tulizozizungumza mwaka mzima zilikuwa hazijajaza kiganja kimoja cha ukumbi ule.

Akapiga deki tukarudi nyuma hadi kona yetu. Sakafu ikang'aa kati yetu na mlango. "Chagua," akaniambia. Nikachagua kitabu chenye picha ya mwili wa mtu, kwa sababu ya picha tu. Anti alikifungua, akasoma, akafunua kurasa mbili tatu mbele, kisha nikaona midomo yake imesimama.

"Wanasema si kweli," akanong'ona.

"Nini si kweli?"

"Nywele. Hazikui. Mtu akifa hukauka, ngozi inajikunja na kurudi nyuma, ndipo kucha na nywele huonekana kama zimerefuka. Hakuna kinachoota."

Akakirudisha kitabu mahali pake. Sakafu ilikauka, na watu wakaanza kuingia, nasi bado tumesimama pale.

Nyumbani, Mama alisikiliza, mguu wake ukiwa juu ya kikanyagio cha cherehani. "Mwache," akasema. "Amedhurika nini? Mtu analala."

"Analala juu ya uongo wangu."

"Hukujua."

"Sasa najua," Anti akasema. "Dada, yule mzee alitoka kitandani alfajiri akaja kusimama mlangoni kwako kwa sababu nilimwambia. Nisipomwambia hili, hata ule mstari wa chaki haufai kitu."

Mama hakubishana zaidi. Anti alijitanda leso, akavuka ua, nami nikamfuata kwa kuwa hakunikataza. Mzee alifungua ule mlango wa kijani. Anti alimwambia akiwa amesimama, kwa maneno machache, na hakumsingizia mwenye gazeti. Alisema, "Nilikosea. Nilileta jambo bila kulithibitisha. Nywele hazioti. Nisamehe, baba."

"Asante kwa kuniambia," mzee akasema, akafunga mlango taratibu.

Siku ya kwanza hakuja bombani, wala ya pili. Tulimtekea maji tukayaweka kizingitini, na ndoo tukaikuta imerudishwa tupu. Anti hakuleta jambo lolote siku hizo. Watu walimwuliza, akasema leo hana. Usiku nilihisi miguu yake ikigeukageuka kichwani pangu.

Siku ya tatu, jua likiwa limeinama, mzee akaja. Mama alimpa kigoda, akamimina chai. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema.

"Nilikuwa na hasira," alimwambia Anti. "Si na wewe. Sijui na nani. Halafu nikafikiri. Katika zile wiki mbili nilimwota mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na nywele zake, zimesukwa. Hiyo haikutoka gazetini. Hiyo naweza kubaki nayo."

Anti aliitikia kwa kichwa. Alikuwa analia, lakini hakujifuta.

"Na wewe ungeweza kunyamaza," mzee akasema. "Nimefanya kazi na watu wengi. Fundi akigundua ameacha nati haijakazwa maili tano nyuma, na jua ni kali, ni wachache sana wanaorudi." Akaweka kikombe chini, akasogeza kigoda karibu. "Haya. Sasa nieleze. Ngozi inarudi nyuma vipi?"

Anti alinishika mkono, akanigeuza kiganja, na kwa kidole gumba akaisukuma polepole ngozi iliyo kwenye mzizi wa ukucha wangu. Ukucha ukatokeza, mweupe kidogo pale ulipokuwa umefichwa. Mzee aliinama akatazama kwa karibu, pumzi yake nikaisikia kwenye vidole. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe, ule mkono mkubwa uliokuwa na makovu ya nyundo, akaanza kuisukuma ngozi ya ukucha mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mama naye akaacha cherehani, akaja na taa.