Glasi ya Clarrie

Clarrie si jina lake. Kanuni ya chumba kile ni kwamba jina la mtu halitoki nje, nami kanuni naiheshimu. Ingekuwa hiari yangu, ningeliandika kwa rangi nyekundu kwenye tangi la maji la mji, kila mtu asome.

Tulikata manyoya ya kondoo pamoja miaka ishirini na mitatu, mashine yake ubavuni mwa yangu, kwenye mabanda yote ya magharibi ya Queensland. Mtu mfupi, mpana, mcheshi kupita kiasi, na kinywani amebakiwa na meno sita. Kazi ikiisha tulikwenda baa kwa Beryl, na pale mambo ni kwa raundi: unatoa wewe, natoa mimi, anatoa yule. Anayekwepa zamu yake haaminiki hata kuachiwa mbwa. Clarrie hakukwepa hata siku moja. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, yeye ndiye aliyezibeba glasi kutoka kaunta, na yangu ilifika imejaa hadi ukingoni. Ramu na soda nyeusi, yangu na yake, ukizitazama ni zilezile.

"Kunywa, Des," alikuwa akisema. "Kesho kondoo hawatauliza."

Nikanywa. Kwenye harusi ya binti yangu Lorna nilikunywa mpaka nikaiangukia keki. Baba wa bibi harusi, jamani, krimu mpaka masikioni! Clarrie alinibeba mgongoni hadi kwenye gari, na miezi mizima nikawa namsifu kwa watu kwamba rafiki ndiye yule.

Lorna alipojifungua alinipigia simu. "Baba, ni msichana. Lakini humpakati mpaka uache pombe. Sirudii tena." Akakata.

Nilikaa siku tatu bila tone, mikono ikinitetemeka hata nikamkata kondoo sikio. Ndipo nikapiga ile namba ya wanaotaka kuacha pombe, iliyo ukurasa wa nyuma wa gazeti. Mama mmoja akanielekeza bila kuniuliza jina: Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi wa akina mama pale Wirrabel, pita mlango wa nyuma. Kutoka kwetu hadi mpakani, mkutano ni huo mmoja tu. Nilishukuru kwamba ni mbali. Niliendesha saa mbili, gari nikalificha nyuma ya duka la chakula cha mifugo, nikatembea kichwa chini kama mwizi wa kuku.

Viti vinane, birika la chai, sahani ya biskuti. Na kwenye kiti cha mbele, Clarrie.

Mwanzoni nilifurahi, nisiseme uongo. Nilidhani na yeye kaja kuanza, basi tutaanza pamoja. Nikaketi. Akasimama, macho sakafuni, akasema, "Naitwa Clarrie, ni mlevi. Mwezi huu natimiza miaka miwili sijanywa." Watu wakampigia makofi.

Miaka miwili! Kila Jumamosi alikuwa akituaga kwamba anakwenda kwa daktari wa meno. Meno sita, Jumamosi mia, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza.

Wakati wa chai nikamfuata pale kwenye birika.

"Ile glasi yako kwa Beryl?"

"Soda tupu. Beryl anajua."

"Na yangu?"

Akageukia sahani ya biskuti.

"Yangu, Clarrie!"

"Yako ilikuwa ramu."

"Siku ya harusi ulikuwa na akili zako timamu?"

"Timamu kabisa, Des."

"Na bado ukaniletea."

"Ningeacha kutoa raundi wangenishtukia. Maadamu wewe umelewa kuliko wote, nani angeitazama glasi yangu?" Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Halafu ungeacha na wewe, mimi ningekaa na nani?"

Mshenzi mkubwa! Adui angenifanyia hivyo ningesema ni kazi yake. Huyu nilimwamini kuliko ndugu wa tumbo moja, na moyo uliniuma hata nikashindwa kumtukana.

Akanimiminia chai. Nusu kikombe. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba wageni wote humiminiwa nusu, ili mikono ikitetemeka wasijiunguze. Kumbe kupima anajua!

Mlango ulikuwa hatua nne. Nikitoka, jua halijazama nimeshafika kwa Beryl, na mjukuu wangu nitamsikia kwenye simu tu. Na mkutano mwingine hakuna. Nikaenda kiti cha mwisho, mbali naye, na zamu yangu ilipofika nikasema, "Naitwa Des, ni mlevi," nikaililia ile keki ya harusi mbele ya watu nisiowajua.

Sasa ni miezi kumi na minne. Jumamosi zote naketi chumba kimoja naye, nikitoa mambo ambayo hata marehemu mke wangu hakuwahi kuyasikia. Mjukuu nampakata. Ana meno manane, kamshinda Clarrie.

Juzi kwenye birika akaniuliza polepole, "Des, hivi mtoto anaitwa nani?"

Nikachukua kikombe chake, nikakijaza hadi ukingoni, nikampa, nikarudi kwenye kiti changu. Jina hajalipata.