Medali Shingoni mwa Mbwa

Kila mwaka, mvua za Machi zikianza, humfunga mbwa wangu kamba nikashuka naye Bulengera kwa daktari wa mifugo, achomwe sindano ya kichaa cha mbwa. Daktari huyu ana umri wa mwanangu wa mwisho. Namuuliza swali lilelile kila tukionana: sindano hii itamlinda mpaka lini? Naye hanichoki. Ananiambia mtoto wa mbwa huchomwa akiwa na miezi mitatu, anarudiwa mwaka ukitimia, kisha kila mwaka hivyohivyo mpaka kufa kwake. Anasema zipo dawa za kwenda miaka mitatu, lakini katika mji ambao umeme unakatika na frigo ya kutunzia dawa inageuka kuwa kabati, yeye hataki kubahatisha. Nadhani ananiona nimeanza kusahau mambo. Namwacha aone hivyo, maana napenda tu kumsikia mtu akijibu swali hilo bila kukwepa.

Mama yangu alikufa kwa sababu swali hilo liliulizwa nusu na kujibiwa nusu.

Kabla ya uhuru, mara moja kwa mwaka, daktari Mbelgiji wa mifugo alikuja sokoni kwetu Butembo na sanduku lake la sindano. Watu wote wenye mbwa walipanga mstari, na vurugu ya mbwa siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya soko lenyewe. Mbwa aliyechomwa alivishwa shingoni kibati chenye namba. Mwaka uliofuata kile cha zamani kilivuliwa, akapewa kingine chenye umbo tofauti, mara cha mviringo, mara cha pembe nne. Sisi tulikiita medaye, yaani medali, kama tulivyoita ile ya Bikira Maria iliyoning'inia shingoni mwa mama. Ile ya Maria, mama aliirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake tena, na hakuna aliyewahi kuuliza kama nguvu yake ina mwisho. Nafikiri makosa yetu yalianzia hapo. Kwetu medali ilikuwa kitu cha kurithishwa.

Uhuru ulikuja, Mbelgiji wa mifugo akaondoka na sanduku lake. Mbwa wetu, jike mwekundu ambaye baba alimtumia kuwinda fuko na sungura wa porini, alibaki na kibati chake cha mwisho cha mviringo. Hakuna aliyekuja kumbadilishia. Siwezi kusema tulisikitika. Tulikuwa na nchi mpya, nani angekumbuka shingo ya mbwa?

Kisha wakaja waasi. Tulikimbilia Kalunguta, kwenye shamba la mihogo la mama, tukakaa huko kipindi kirefu ndani ya kibanda cha nyasi. Yule jike alizaa huko, watoto wakafa wote isipokuwa dume mmoja, na mama yao naye akafa kabla hatujarudi. Baba alimfungua kibati akakitia mfukoni. Baba alikuwa seremala, hakutupa chuma wala bati.

Tuliporudi Butembo, mji ulikuwa wa wanajeshi na mbwa. Mbwa walioachwa walikuwa wamezoea kula vitu ambavyo mbwa hapaswi kula, na walipita barabarani kwa makundi bila kumwogopa mtu. Ikatoka amri: mbwa asiye na medali apigwe risasi. Siku mbili tatu tulisikia milio mpaka tukaacha kushtuka. Asubuhi moja baba alichukua waya, akatoboa tena kile kibati, akamfunga yule dume shingoni. Askari walipita uani, wakatazama shingo, wakaenda zao. Mama alicheka. Alisema mtoto amevaa koti la mzazi wake na limemkaa vizuri.

Baada ya hapo hakuna aliyelizungumza tena. Majirani walipotupitia walituambia tuna bahati, mbwa wetu ana medali, na sisi tukaitikia. Ukiambiwa jambo kila siku na watu wenye heshima zao, unaishia kuliamini. Baba aliamini, nina hakika. Alikuwa akimwacha mbwa huyo alale mlangoni miguuni pa ndugu zangu wadogo, na baba hakuwa mtu wa kuchezea maisha ya watoto wake.

Mbwa alimng'ata mama wakati anamwekea makombo ya bugali. Alimng'ata mkononi, kati ya kidole gumba na cha pili, kisha akasimama pale na kumtazama kama asiyemjua. Hakuwa mbwa wa kung'ata. Baba alimfunga kwenye mti wa parachichi kwa kamba ya katani, akamvua kibati, akaenda na mama zahanati, nami nikabeba kikapu.

Jirani yetu mmoja, Mwislamu mwenye lori la kubeba kahawa, alitukuta tukitoka uani. Yeye hakufuga mbwa na hakuwataka karibu na nguo zake za sala, lakini alipoona damu alisimamisha gari. Alisema Beni yuko daktari ambaye bado ana sindano za watu waliong'atwa, na yeye anakwenda Beni sasa hivi, mama apande mbele. Mama akarudi ndani kufunga nguo, lakini baba akamwambia jirani asubiri kwanza tumsikie muuguzi. Jirani akasubiri nje ya zahanati, injini ikinguruma.

Muuguzi aliosha kidonda kwa sabuni muda mrefu, na hilo alilifanya vizuri. Kisha akauliza nusu ya lile swali.

"Ile imbwa walishaka kuichoma shindano?"

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Aliweka kibati mezani. Muuguzi akakigeuza upande huu na upande ule, namba ilikuwa imefutika.

"Donc iko na medaye," akahitimisha. "Basi hakuna neno."

Hakuuliza ni ya mwaka gani. Baba hakumwambia ni ya mbwa gani. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na kifurushi cha kitenge mapajani, maana alikuwa ameshafunga nguo mbili za kwendea Beni. Nilimwona akikifungua. Alifurahi kubaki, kwa sababu maharagwe yalikuwa yamekauka shambani na yasingemngoja. Baba akatoka nje akampungia mkono mwenye lori aende.

Tulipofika nyumbani kamba ya katani ilikuwa imetafunwa na mbwa hayupo. Hakurudi. Baba alining'iniza kibati kwenye msumari karibu na mlango.

Kidonda kilipona. Mama alivuna maharagwe, akapanda mahindi, na mahindi yalipoanza kutoa ndevu mkono ukaanza kumwasha mahali palepale palipokuwa pamepona. Akajikuna mpaka ngozi ikatoka. Kisha akakataa maji. Hakuyakataa kwa ukaidi. Alinyoosha mkono kuchukua kikombe, na koo lake likajikaza kabla hakijafika mdomoni. Alinitazama kwa aibu, kama mtu aliyemwaga kitu nyumbani kwa wengine. Jirani yuleyule alikuja na lori bila kuitwa, akatupeleka Beni. Njia nzima hakusema kwamba alituambia.

Daktari wa Beni alisema sindano inafaa kabla ugonjwa haujaanza. Ukishaanza, haina kazi. Akaeleza, akimtazama baba, kwamba mbwa huchanjwa kila mwaka, na kwamba kibati kinamsemea mbwa yule aliyechomwa na mwaka ule tu. Baba aliitikia kwa kichwa kila neno. Mama alikufa hukohuko Beni. Kabla hawajamfunika nilimvua medali ya Maria nikaivaa mimi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, naujua ni wangu, ila siusikii.

Matanga yalifanyika uani kwetu Butembo. Siku ya mwisho, watu walipokuwa wanakunja mikeka, alibaki mzee mmoja wa ng'ambo ya mto. Alizunguka kwanza, akasifu mahindi ya marehemu, akaulizia afya ya wadogo zangu. Kisha akasema ana mbwa mdogo mzuri, na askari wa kizuizi cha barabarani wameshamtazama vibaya. Aliona kile kibati pale msumarini. Kwa kuwa sasa hakina mwenyewe, je, baba angempa?

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi. Baba alikiangua kibati msumarini, akakishika kiganjani.

"Hapana ya kwake," akasema baba. "Ilikuwa ya mama ya ile imbwa. Yenyewe hawakuichoma shindano hata siku moya."

Alisema polepole, kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno. Ndiyo maneno ambayo muuguzi alipaswa kuyapata, wakati injini ya lori ilikuwa bado inanguruma nje. Nilimchukia baba pale pale, na chuki yenyewe haikuwa na joto lolote.

Mzee alinyoosha mkono. Akasema askari hawaulizi hayo, wao wanatazama shingo tu. Baba akampa.