Wasomaji wa Cha Nyuma

Wateja walimwita Fundi Baridi, na jina hilo halikumkera. Alikuwa fundi wa friji, mwanamke wa makamo mwenye viganja vilivyokomaa, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, kimejaa friji zilizofunguliwa migongo. Asubuhi alijaza gesi, akaziba mabomba yanayovuja, akabadilisha mota. Mchana jua likipamba moto na wateja wakipungua, alifuta mikono, akakaa juu ya kreti la soda, akaandika hadithi za anga za mbali.

Vitabu vyake vitatu vya kwanza vilisimulia chombo kikubwa kama mji, kilichosafiri kati ya nyota muda mrefu hata watu wakazaliwa na kuzeeka humo bila kukanyaga ardhi. Siku moja ubavu wa chombo ulipasuka, hewa ikaanza kutoka, na kijana aliyekuwa zamu akafunga mlango wa chuma ili kuwaokoa waliobaki. Upande wa pili aliacha watu, akiwemo dada yake mdogo. Dada huyo alinusurika, na kwa vitabu vitatu akamsaka kaka yake, ambaye wasomaji walimjua kwa jina moja tu, Mfungaji. Mwisho wa kitabu cha tatu Mfungaji alikufa peke yake akielea gizani, na wasomaji wakashangilia kana kwamba timu yao imechukua kombe.

Kisha Fundi Baridi akaandika cha nne, na badala ya kwenda mbele akarudi nyuma, kabla ya ubavu kupasuka. Humo Mfungaji ni mtoto mwenye pengo la meno. Anambeba dada yake mgongoni, anamfundisha kusoma taa za mitambo, na hewa inapogawiwa kwa kipimo anamwachia mdogo wake sehemu ya fungu lake. Kitabu kinaishia mkono wake ukiwa juu ya wenzo wa mlango, kabla hajauvuta, dada yake akicheza upande wa pili. Wasomaji walikipa jina lao, Cha Nyuma, na hapo ndipo moto ulipowaka.

Binti yake, aliyefanya kazi duka la dawa, ndiye aliyesimamia kundi la wasomaji kwenye simu. Wiki ile kila alipokuja kula mchana alikuja na habari.

"Mama, leo wameamka na wewe."

"Wanasemaje?"

"Mmoja anasema umeishiwa. Mwingine anauliza, mwisho tunaujua, sasa tunasoma ili iweje? Yupo mwalimu anasema amelia kwenye ile sura ya kugawana hewa, mkewe akadhani kuna msiba. Halafu kuna Muuguzi."

Muuguzi alikuwa msomaji wao mkongwe kuliko wote. Hakuandika, alipenda kutuma sauti. Binti akabonyeza simu, na sauti nzito ya mwanamke aliyechoka na kazi ikajaza karakana.

"Fundi, umenifundisha kumchukia mtu huyu, nami nikamchukia kwa moyo mmoja. Sasa unaniletea akiwa mtoto, meno yamemtoka, unataka nimwonee huruma. Umenigeuka. Kitabu nimekifunga na sitakifungua tena."

Fundi Baridi aliinamia friji aliyokuwa akiitengeneza, akakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa. Jambo moja hakuwahi kuwaambia wasomaji wake: Mfungaji alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Mama yao alipougua, yeye akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, kaka yake aliondoka nyumbani na begi begani. Yeye alisimama dirishani akamwangalia hadi getini. Kaka hakugeuka. Baba akaenda akakomea geti, na tangu siku hiyo kaka hakurudi, hata mama alipozikwa. Baba naye hakupenda aulizwe. Yeye akakua na jibu lake mwenyewe, kwamba kaka aliona mambo yameharibika nyumbani akajiokoa. Vitabu vitatu alivitoa kwenye donge hilo.

Cha nne kilikuja kwa njia nyingine. Alikuwa amelala chali akichungulia chini ya friji ya mteja, akajikuta anapiga mluzi wa wimbo. Ilimchukua muda kukumbuka ameutoa wapi. Kaka yake ndiye aliyekuwa akimwimbia, akiwa amembeba. Alikaa palepale sakafuni na bisibisi mkononi, na mteja akadhani friji imemshinda.

Sasa binti yake alizima simu, lakini hakuondoka. Alisimama akichezea funguo zake.

"Mama, usinikasirikie. Nilipata namba ya mjomba."

Fundi Baridi akainua uso.

"Ni mpishi kwenye shule ya bweni. Tumekuwa tukisalimiana. Nimempelekea kitabu."

"Vyote vinne?"

"Hapana, kimoja. Nilifikiri aanze na kinachoanza."

Mama hakufoka. Alisema tu, "Rudi kazini, utachelewa," na mchana ule hakuandika neno.

Kaka alipiga simu siku chache baadaye. Sauti ilikuwa ya mtu mzima asiyemjua, lakini namna alivyoita "mdogo wangu" ilikuwa ileile.

"Nimekisoma kitabu chako," alisema. "Nasoma wanafunzi wakiwa darasani. Juzi nimeunguza sufuria nzima kwa ajili yako."

"Umekionaje, kaka?"

"Sikujua kama uliniona siku ile."

"Nilikuona. Nilikuwa dirishani."

"Ndiyo maana umeweza. Yule mtoto anayecheza upande wa pili wa ule mlango, na mlango unataka kufungwa, na yeye hana habari. Ni mimi kabisa."

Fundi Baridi alishika ukingo wa meza. "Kaka, yule ni msichana."

"Naona. Nilidhani umenigeuza msichana ili watu wasinitambue."

Alikuja likizo ya shule ilipoanza. Alikuwa mwanamume mnene mwenye mwendo wa taratibu, akapita katikati ya friji akiziangalia kama anayekagua jiko la mwenzake. Dada hakumkumbatia. Alimwekea chai juu ya friji iliyolazwa, akavuta kreti la pili, wakakaa wakitazamana.

"Kwa nini hukugeuka?" aliuliza. Hakutaka kuzunguka.

"Baba alinikataza. Mama alikuwa anaumwa, baba peke yake hakuweza kutulea wote wawili, akanituma kwa rafiki yake nikafanye kazi. Akaniambia, ukigeuka mdogo wako atakufuata, na mimi sina nguvu ya kumrudisha. Basi sikugeuka. Nilikuwa nalia, na mimi mtoto wa kiume, nikaona aibu. Nyuma yangu nikasikia komeo."

"Na mazishi ya mama?"

"Habari zilinifikia keshazikwa. Nikajiambia wamenisahau. Nami nikawaacha mnisahau."

Mota ya friji moja ilijiwasha ikaanza kunguruma, wote wawili wakaitazama kana kwamba imeingilia mazungumzo.

"Kaka, mimi sikukuandika wewe kama uliyeachwa. Nimekuandika kama uliyefunga."

Alimweleza yote. Kaka alisikiliza bila kupepesa macho, kikombe kikipoa mkononi.

"Huko mwisho nakufa?"

"Unakufa."

"Vibaya?"

"Vibaya sana. Watu walishangilia."

Akatikisa kichwa polepole, kisha akanyoosha mkono. "Hebu nipe nione."

Vitabu viwili vya kwanza alivimaliza palepale nyumbani, amejinyoosha kwenye kochi. Cha tatu aliondoka nacho. Kisha akanyamaza. Fundi Baridi aliangalia simu mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri, akajilaumu kwamba amempata ndugu na kumpoteza kwa kitabu.

Siku moja binti yake akaja mbio kutoka duka la dawa, koti jeupe hajalivua. Kwenye kundi alikuwa ameingia mtu mpya aliyejiita Mpishi, na alikuwa ameandika:

"Mimi nimeanza na Cha Nyuma, ndipo nikasoma vingine. Ukianzia hapo hupati mahali pa kushangilia. Kila dada anapokaribia kumkamata, mimi namwombea awahi. Sitaki amuue, nataka amuulize."

Kundi likachemka upya. Wengine walikwenda kuanza vitabu upya kwa mpangilio wa Mpishi. Aliyesema mwandishi ameishiwa alirudi akasema, haya, labda hajaishiwa sana. Muuguzi naye akatuma sauti: "Wewe Mpishi, wenzako tumevisubiri vitabu hivi kimoja kimoja, wewe umekuja juzi unatuwekea mpangilio." Mpishi akajibu kwa heshima zote, "Kweli, dada. Lakini hadithi ndiko ilikoanzia."

Mkutano wa wasomaji ulifanyika ukumbi wa maktaba, Jumamosi alasiri. Muuguzi alifika moja kwa moja kutoka zamu, sare mwilini, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni na akaomba kusema wa kwanza.

"Nilisema sitakifungua. Nilikifungua. Wodini kwangu kuna mzee ambaye ndugu zake hawaji kumwona. Nilishamhukumu, nikasema lazima kuna kitu aliwafanyia. Sasa nikimbadilishia dripu namuuliza habari za utoto wake, naye ananisimulia. Anacheka yule mzee, sikujua." Akamgeukia mwandishi. "Lakini Mfungaji sijamsamehe. Hilo ulijue."

"Nimelijua," alisema Fundi Baridi.

Mpishi aliinua mkono kutoka nyuma. Alisema lalamiko lake kubwa ni jiko la chombo. Watu wote wale kulishwa na jiko moja la moto mmoja, huo ni uongo, na aliyeandika hajawahi kupikia umati. Ukumbi ukaangua kicheko, na Fundi Baridi akacheka hadi akafuta macho.

Mwalimu mmoja akauliza kama kutakuwa na cha tano.

"Sijui bado," alijibu. "Kuna mambo sijamaliza kumuuliza kaka yangu. Ndiye yule anayelalamikia jiko."

Vichwa viligeuka. Muuguzi alimtazama mwandishi, akamtazama yule mwanamume mnene aliyesimama nyuma kwa kukosa nafasi, akamtazama tena mwandishi. Aliuondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, akaupakata, akampungia Mpishi mkono aje akae.