Sekunde Arobaini za Mama

Ofisini walimwita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtoto wa kaka yake. Jina lilimkaa tu, labda kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote katika chumba cha watunga programu, au kwa kuwa alimuuliza mtu kama amekula kabla ya kumuuliza kama amemaliza kazi. Chumba chenyewe kilikuwa na meza sita, feni moja iliyozunguka huku inalalamika, na dirisha lililogoma kufunguka tangu siku lilipopakwa rangi. Meza yake ilikuwa ya pembeni. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kompyuta, alivua saa ya mkononi, saa kubwa ya kiume iliyokuwa ya marehemu baba yake, akailaza mezani kwa upole kama anayelaza kitoto.

Kutunga programu ni kuiandikia kompyuta maagizo, mstari kwa mstari, kama unavyomwagiza mtu mtiifu kupita kiasi. Fanya hili, ukimaliza fanya lile. Usipomwambia asimame atatembea mpaka shimoni. Shangazi alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mbili, na katika programu zote alizoandika, aliyoipenda zaidi ilikuwa ya foleni ya kliniki.

Ukifika kliniki unachukua karatasi yenye namba, unaketi kwenye benchi, na skrini ya ukutani inaita: namba kumi na saba, dirisha la pili. Usipofika dirishani kwa wakati, namba yako inarukwa, na huna budi kuchukua karatasi nyingine uanze upya. Sasa, muda wa kumsubiri mtu ni kiasi gani? Hapo ndipo palikuwa na mstari wa Shangazi. Uliiambia programu isubiri sekunde arobaini.

Arobaini hizo hakuziokota njiani. Mwaka ule alipoandika, alimpeleka mama yake mzazi kliniki, akamkalisha benchi la mwisho, akamwomba atembee na fimbo yake hadi dirishani kama kawaida, bila kujikaza. Yeye akawa nyuma yake na ile saa ya baba. Mama alitumia sekunde thelathini na saba. Shangazi akaongeza tatu za kuvuta pumzi.

Ila sababu hiyo hakuiandika popote ndani ya programu. Aliona haya kumwingiza mama yake katika kazi ya watu. Akaandika namba tupu, akaendelea na mambo mengine.

Basi, Jumatatu moja walikuta kompyuta zote zimewekewa chombo kipya cha kuandikia. Kile cha zamani kilikuwa kimya kama daftari. Hiki kipya hakikunyamaza. Ukianza mstari, chenyewe kinaumalizia kwa herufi za kijivu, kisha kinasubiri ubonyeze kitufe cha Kubali au cha Kataa. Kiliingia hata katika kazi za miaka iliyopita, kikapendekeza hapa pafupishwe, pale pafutwe. Na juu ya skrini kulikuwa na ubao mdogo ulioonyesha kila mtu amekubali mapendekezo mangapi.

Kabla ya saa sita chombo kilikuwa kimeshapewa jina. Shangazi ndiye aliyekiita Shemeji.

Mkuu wa chumba, mwanamke mwenye sauti ya chini aliyelingana umri na kifunga mimba wa Shangazi, aliwaeleza mpango. Watakitumia mwezi mzima. Watakaokizoea watabaki chumbani, na watakaoshindwa watashuka ghorofa ya chini kupokea simu za wateja, nako ni kazi pia. Alisema hivyo bila ubaya wowote. Lakini kila mtu alijua kwamba hakuna aliyewahi kushuka kule akapanda tena.

Wiki ya kwanza Shangazi alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekubali mapendekezo kumi na moja, maana alisoma kila pendekezo kama anayechambua mchele, mkono mmoja ukitafuta chuya. Kijana wa meza ya dirishani, waliyemwita Chapuchapu, alikuwa na mia tatu.

"Shangazi, Shemeji anapiga hodi nawe umekomea mlango," alimtania.

"Huyu hapigi hodi," alijibu. "Mimi nimemkuta jikoni, ameshafunua sufuria."

Walicheka wote, naye akacheka. Ila jioni, kwenye ngazi za kutokea, alipita karibu na mlango wa ghorofa ya chini, akasikia simu kumi zikilia kwa pamoja, na kicheko kikamkauka. Kutunga programu ndiyo kazi pekee aliyoijua.

Wiki ya pili akaanza kubonyeza. Mwanzoni alisoma nusu, kisha robo, kisha akawa anaangalia rangi ya kitufe tu. Kubali, kubali, kubali. Alhamisi akawa wa tatu. Ijumaa akawa wa kwanza, mapendekezo mia nne na ushei, na mkuu akampigia makofi mbele ya wote. Chapuchapu alimwinamia kama anayesalimia mfalme. Shangazi alitabasamu, lakini moyoni alihisi kitu mfano wa kijiwe kwenye kiatu.

Jumanne iliyofuata aliomba ruhusa ya asubuhi, kwani ilikuwa siku ya mama yake ya kliniki. Waliketi benchi la mwisho kama walivyozoea. Bibi yule hakuchoka kujivunia skrini. Alimgusa bega jirani yake, mzee mwenye kofia, akamwambia kwamba hiyo inayoita ni ya mwanawe, na kwamba haina haraka, inamjua.

Mzee alimtazama kwa huruma. Mkononi alishika karatasi tatu.

Skrini ikaita namba ishirini na tatu. Mama akaisimika fimbo, akainuka, akautengeneza mtandio wake, akaanza kutembea. Hajafika hata nusu, skrini ikaita ishirini na nne. Mwanamume mmoja akampita kwa hatua ndefu hadi dirishani.

Mama alisimama katikati ya ukumbi. Aliitazama karatasi yake, akaitazama skrini, kisha akageuka kumtafuta mwanawe.

"Labda nimechelewa mimi," alisema taratibu. "Siku hizi nimekuwa mzito, mwanangu. Usiilaumu."

Shangazi alimrudisha kwenye benchi, akaenda dirishani akamwomba muuguzi amhudumie bibi kwa namba yake ileile, pamoja na mzee wa karatasi tatu. Alipomfikisha mama nyumbani, hakunywa hata maji. Alikwenda ofisini moja kwa moja.

Shemeji alikuwa na sifa moja nzuri: aliweka kumbukumbu ya kila kitu. Shangazi akautafuta mstari wake. Kando yake aliyakuta maneno ya wiki iliyopita: "Mstari huu unasubiri muda mrefu bila sababu inayoonekana. Tupunguze uwe sekunde kumi?" Na chini yake: "Limekubaliwa. Meza ya sita."

Meza ya sita ilikuwa yake.

Alilisoma swali lile mara mbili. Lilikuwa swali la adabu kabisa. Mtu yeyote asiyemjua mama yake angeuliza hivyohivyo.

Alirudisha arobaini papo hapo, na kliniki ikaipata kabla hajainua kidole. Angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angejua. Badala yake aliivaa saa yake, akaenda kwenye meza ya mkuu, akasimama kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

"Mstari wa foleni ya kliniki ulipunguzwa kutoka arobaini, nami nilikubali bila kusoma," alisema. "Si huo mmoja tu. Karibu mapendekezo yote mia nne. Niliogopa kushuka chini."

Chapuchapu, kule dirishani, aliacha kubonyeza, akajifanya anafuta kioo cha miwani yake. Mkuu akauliza arobaini ilitoka wapi, na Shangazi akamsimulia habari za benchi la mwisho, fimbo na saa ya baba. Mkuu akauliza kwa nini hakuyaandika hayo.

"Niliona haya."

"Sasa mimi ningejuaje, Shangazi? Na hicho chombo kingejuaje?" Alisema kwa sauti ileile ya chini, ila macho yake yalikuwa yamelainika. "Utayasoma yote mia nne, moja moja, kwa mwendo wako wa kuchambua mchele. Kazi hiyo haifanyiki ghorofa ya chini. Itabidi ukae na meza yako." Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Na wewe ya kwako."

Kesho yake asubuhi mkuu mwenyewe aliandamana na Shangazi na mama yake kliniki. Akaazima saa ya baba, akaishika kwa mikono miwili. Mama, aliyefurahi mno kupata msafara, aliombwa atembee kama kawaida bila kujikaza. Akaisimika fimbo, akainuka, akatengeneza mtandio. Fimbo ikagonga sakafu, kimya, ikagonga tena.

Sekunde sitini na moja.

Mkuu alimwonyesha Shangazi uso wa saa. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu zile thelathini na saba, na Shangazi alimwona mama yake kila siku, akala naye, akamfunga vifungo, asione. Aliangalia pembeni kidogo mpaka macho yalipokauka.

"Nimeshinda?" mama aliuliza kutoka dirishani.

"Umeshinda, mama," alisema.

Ofisini alivua saa, akailaza mahali pake. Akafuta arobaini, akaandika sabini. Juu ya namba, safari hii, akaanza kuandika maelezo: "Usipunguze. Huu ni mwendo wa mama mmoja mwenye fimbo, kutoka benchi la mwisho. Akiitwa,"

Hapo akasita kutafuta neno. Shemeji akammalizia kwa herufi za kijivu: "msubiri afike."

Shangazi aliyasoma maneno hayo polepole, kwa mdomo, akirudia. Kisha akabonyeza Kubali.