Kasuku Anakuja, Mama Vioo Hahami

Ukitaka Mama Vioo afanye jambo, mwambie hataliweza. Mtaa mzima ulilijua hilo, wateja wake walilijua, hata vijana wa gereji ya jirani walilijua na kulitumia. Aliyekuwa hajajifunza ni mmoja tu, mwanawe wa kumzaa, yule anayeuza bima.

Huyu mwana, tuseme ukweli, si mtu mbaya. Shida ni kazi yake. Mtu akishinda kutwa akiwaeleza wenzake jinsi watakavyoungua, watakavyoibiwa na watakavyoteleza bafuni, mwisho akili inagandia hapohapo. Akiingia kwa mama yake haketi kama watu. Anazungusha macho. Mama, waya huu. Mama, jiko lile. Mama, zulia hili limechakaa, litakuangusha. Na mama anamjibu kama alivyozoea kuwajibu watu maisha yake yote: "Limekuudhi? Basi fumba macho."

Mama Vioo alikuwa fundi wa vioo vya madirisha tangu enzi ambazo mafundi wenzake walimcheka waziwazi. Mwanamke na kioo, walisema, ni kujitazama tu. Walicheka weee, mpaka wakachoka, naye huku anakata. Alitia vioo vya shule, vya maduka, vya nyumba za wakubwa, na vidole vyake vina makovu ya kutosha kumtisha daktari. Sifa yake ilikuwa moja. Kioo chake ukikitazama hukioni. Alikisugua kwa siki na magazeti ya zamani mpaka unaona mti wa nje tu, na mteja akimwambia "kioo chako nimekiona, kizuri", yeye anarudi na kitambaa kukifuta upya.

Halafu akaanguka. Asubuhi moja kidole cha mguu kilinasa kwenye nyuzi za zulia lilelile, akaenda chini mzimamzima. Mwanawe ndiye aliyemkuta, ameketi sakafuni, ameegemea kabati, chai imemwagika, nyonga imekataa kumwinua. Neno la kwanza alilomwambia lilikuwa, "Usinitolee macho hivyo, nimepumzika."

Nyonga ilipona. Hofu ya mwana haikupona. Akaja na mpango wake umeiva kabisa: chumba cha nyuma nyumbani kwake kimepakwa rangi, kitanda kimeshaingizwa, mkewe ameridhia kwa moyo mweupe, na nyumba hii itapata mpangaji. Mama akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo peke yake lilitakiwa kumtia mtu wasiwasi. Kisha akasema asingeweza kuhama, kwa sababu anamtarajia mgeni.

"Mgeni gani tena, Mama?"

"Kasuku."

Mwana akashika kichwa. "Mama, wewe mwenyewe hujiwezi, utamweza kasuku?"

Ala! Hapo ndipo alipoharibu mambo. Angenyamaza, pengine habari ya kasuku ingeishia maneno matupu. Mama mwenyewe alikuwa hajakata shauri. Lakini hujiwezi? Yeye? Aliyepandisha kioo cha duka ghorofani siku ya upepo, na mimba ya huyohuyo anayesema?

Kasuku alikuwepo kweli, kwa Mzee Manyoya. Huyu ni mzee mmoja mkavu wa maneno, anayewapokea ndege walioachwa, wale ambao waliokuwa wakiwafuga wamehama, wamefariki au wamechoshwa na kelele. Hauzi. Anagawa bure, ila hakupi ndege mpaka aikague nyumba yako chumba kwa chumba, na wengi wamerudi mikono mitupu. Mama Vioo alikuwa amekwenda kwake kubadilisha kioo kilichopasuka. Akiwa kazini, kasuku mmoja wa kijivu, kifua kitupu hakina hata unyoya, akawa anamfuata ndani ya kizimba hatua kwa hatua na kumuuliza, "Bado? Bado? Bado?" Hakuna fundi anayelipenda swali hilo. Mama Vioo alicheka mpaka akaweka kifaa chini. Kesho yake alirudi pale bila kuitwa.

"Sasa nisikilize," akamwambia mwanawe. "Yule mzee atakuja kukagua. Akisema nyumba hii haifai kwa ndege, nahamia kwako na sitasema neno. Akisema inafaa, hicho chumba chako cha nyuma usinitajie tena mpaka nife."

Mwana aliijua nyumba ile kuliko kiganja chake. Akakubali upesi upesi, tena akataka awepo siku yenyewe. Alikuwa na uhakika kiasi kwamba aliona hata aibu kidogo, kama mtu anayecheza karata na mtoto.

Mama Vioo akaenda kwa Mzee Manyoya kuuliza ndege anauawa na nini. Mzee akamjibu, "Na kila kitu." Akamtajia kimoja kimoja, naye akarudi nyumbani amevimba, maana vingi kati ya hivyo alivipenda.

Akaanza na feni ya dari. Ndege akiruka huku panga zinazunguka, kwisha habari yake. Mama akakata waya wake swichini, na joto likaja akalivumilia. Akaingia jikoni. Kile kikaango cheusi kisichogandisha, alichopewa na mkwewe kwa mapenzi yote, kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa ambayo wewe huisikii lakini ndege anaanguka kutoka alipotua, chali. Kikaango kikatoka, na mkwe akaelezwa baadaye kwa maneno matamu. Ndoo ya maji iliyozoea kukaa wazi ikapata mfuniko, ndege asije akazama. Dawa ya mbu ya kuchoma ikaenda kwa jirani, marashi ya kupuliza yakafuata njia hiyohiyo. Waya uliokuwa ukining'inia nyuma ya redio ukabanwa ukutani, kwa sababu kasuku hutafuna, na akishatafuna, umeme haulizi huyu ni nani. Pengo nyuma ya kabati akaliziba kwa mbao. Alipiga misumari akiwa amepiga magoti, nyonga inalalamika, naye anaijibu kwa sauti: "Nyamaza nawe, au nikupeleke kwenye kitanda cha chumba cha nyuma?"

Mwisho likaja zulia. Kucha za ndege hunasa kwenye nyuzi zilizofumuka, mguu ukavunjika. Mama akasimama mbele ya lile zulia, mikono kiunoni. Kisha akalikunja akalitoa nje.

Siku ya ukaguzi mwana alifika mapema, na kilichomvunja nguvu kwanza ni ukumbi. Sakafu tupu, inang'aa.

"Zulia liko wapi?"

"Limekwenda."

"Mama! Mwaka mzima nakuomba ulitoe lile zulia. Ulipoanguka nikakuomba tena. Ukaniambia nifumbe macho!"

"Wewe uliniambia nitaanguka," mama akasema. "Mzee Manyoya aliniambia nani anakuja. Mtu hatandui nyumba yake kwa sababu ametishwa."

 Neno lile lilimuuma mwana, na ilionekana kwamba limemuuma.

Mzee Manyoya akaja na kofia yake, akakataa kiti, akakataa chai, akaanza. Alipitisha kidole nyuma ya redio. Alifunua ndoo na kuifunika. Alinusa jiko kama mtu anayetafuta mwizi. Alibonyeza swichi zote za ukumbini, feni ikatulia tuli, akaguna. Kwa Mzee Manyoya mguno ule ni pongezi kubwa. Mama Vioo alimfuata nyuma kidevu juu, na mwana alimfuata mama akizidi kusinyaa kila chumba. Nyumba aliyoijua kuwa ni mtego mtupu ilikuwa imegeuka nyumba ambayo yeye mwenyewe angeiandikia bima bila kusita.

Wakarudi ukumbini. Mwana, ili apate la kufanya, akasema anakwenda kuleta viti vya barazani. Akageuka, akatembea kwa haraka zake, na paaa! Akajigonga paji la uso kwenye mlango wa kioo wa baraza. Mlango uliofungwa. Mlango ambao mama yake aliukata na kuutia kwa mikono yake, na ambao asubuhi ile alikuwa ameusugua kwa saa nzima kwa heshima ya mgeni.

Mama Vioo akaangua kicheko. Hakuweza kujizuia. Katika maisha ya fundi wa vioo hakuna sifa inayozidi hiyo, mtoto aliyekulia humohumo kuugonga mlango kwa uso.

Mzee Manyoya hakucheka. "Huyu ana akili," akasema, "na nyumba hii anaijua tangu anatambaa. Ndege je? Ndege ataruka kwa nguvu zake zote, Mama. Atavunjika shingo siku ya kwanza." Akalitazama dirisha kubwa la ukumbini, akatazama la chumbani. "Umeziba kila tundu ukaacha kubwa kuliko yote. Nyumba haifai."

Kicheko kikakatika. Kosa lile hakuliona mapema kwa sababu ndilo alilokuwa akilionea fahari. Mwana, mkono kwenye uvimbe, akavuta pumzi. "Mama," akasema polepole, "tulikubaliana."

"Mzee wangu hajaondoka," mama akajibu. "Akitoka mlangoni ndipo uniambie tulikubaliana."

Akaenda stoo akarudi na kopo la chokaa na brashi. Sasa, mafundi wa vioo wana kawaida yao. Wakitia kioo kipya kwenye nyumba inayojengwa, hukipiga alama kubwa ya X kwa chokaa, ili maseremala na wabeba mbao wasikipitie katikati. Siku mwenye nyumba anahamia, alama ile inaoshwa. Kwa hiyo ukiona X dirishani unajua: hapa bado hapajaingia mtu. Mama Vioo aliichukia alama hiyo. Maisha yake yote alikuwa akiiosha.

Akachovya brashi, akapiga mstari wa kwanza kwenye mlango wa baraza, kutoka pembe mpaka pembe. Iliuma. Tusidanganyane, iliuma mpaka machozi yakamlenga, na akapiga wa pili. Akaenda dirisha kubwa. Akaongeza mistari hapa na pale, kiganja kwa kiganja, mpaka hakukuwa na nafasi ambayo ndege angeidhania ni njia.

"Mama, acha," mwana akasema. "Watu watafikiri nyumba haina mtu."

"Waje wagonge! Wagonge waone kama haina mtu!"

Alisema kwa sauti ambayo hata gereji waliisikia. Mzee Manyoya akapita kila kioo, akavaa kofia yake sawasawa, akaguna mara mbili.

"Limebaki swali moja," akasema, na safari hii hakumtazama mama. "Kasuku anaishi miaka mingi. Wewe Mama una umri wako, hilo sitakuficha. Simpi mtu ndege kabla hajaniambia nani atabaki naye. Na sitaki mtu wa kumbeba tu na kumpeleka kwake. Kasuku huyu alihamishwa nyumba mara moja, aliyekuwa naye alipokwenda kukaa kwa watoto wake. Alipewa chumba kizuri na chakula kizuri. Akajinyofoa kifua chote kwa mdomo wake mwenyewe."

 Mama Vioo akamwonyesha mwanawe kwa brashi, chokaa ikidondoka sakafuni. "Huyo," akasema. "Nina huyo tu."

Mwana akaelewa mara moja kilichokuwa mkononi mwake. Neno moja tu. Aseme hapana, ndege hatakuja, makubaliano ni makubaliano, na kesho mama yake analala kwenye chumba cha nyuma, karibu, ambako akianguka atasikika.

"Sema unalotaka," mama akamwambia. "Sitakuomba. Ila uliseme kwa kinywa chako, usijifiche nyuma ya mzee wa watu."

"Nilikukuta sakafuni," mwana akasema. "Unajua nilifikiri nini, Mama? Kabla hujanitania, unajua nilifikiri nini nilipofungua ule mlango?"

"Najua. Mimi nilikuwa pale kabla yako. Niliogopa kuliko wewe." Mama hakushusha macho. "Na nitaogopa tena. Nitaogopea hapahapa."

Mwana akafuta uso kwa mkono. Akamgeukia Mzee Manyoya. "Nitabaki naye mimi. Na hatahamishwa. Nitakuja mimi alipo."

Mzee akaguna, akasema ndege ataletwa Jumamosi, akaaga. Waliposikia geti limefungwa, mwana akaketi chini kwenye sakafu tupu, amechoka kama aliyebeba kabati. Kisha kitu kikamkereketa.

"Mama. Kama ningesema hapana?"

"Ungenikuta hapahapa."

"Lakini uliahidi! Ulisema utahama na hutasema neno!"

"Niliahidi," Mama Vioo akasema, akainama kufuta chokaa sakafuni. "Ningekuwa mwongo, mwanangu. Mwongo aliye kwake."