Dereva wa Karibu Zaidi

Hili jambo nilitaka nizikwe nalo, lakini kwa kuwa mtaa wetu wote wa Buhongwa wanalo na kila mtu analisimulia kwa kuongeza chumvi, bora mlisikie kwangu mwenyewe, mcheke mara moja, tuachane nalo. Siku ile nilijidhalilisha mbele ya mke wangu, mbele ya mama mkwe na mbele ya akina mama wa jumuiya waliokuwa wamekuja kusali kwangu, na kisa chenyewe ni mistari michache tu ya programu niliyoifuta kwa uvivu.

Mimi ni mtu wa kompyuta, na wakati ule nilikuwa natengeneza programu ya simu ya kuita bajaji na magari madogo, unabonyeza tu inakutafutia dereva aliye karibu nawe kuliko wote. Sasa kumpata huyo bila kuwapima madereva wote mmoja mmoja kuna ujanja wake, tunauita mti (usitafute matunda, ni mti wa kwenye kompyuta). Unachukua eneo zima unalipiga mstari katikati, madereva wa huku tawi hili, wa kule tawi lile, halafu kila upande unaupiga mstari tena, na tena, mpaka kila kipande kinabaki na madereva wachache. Mteja akiita, programu inashuka tawi kwa tawi hadi kwenye kipande chake na kumchukua aliyemo. Ila kuna sharti: kabla hujamtangaza huyo kuwa ndiye wa karibu, pima kwanza kama mstari hauko karibu zaidi kuliko yeye, na kama uko, rudi juu uchungulie upande wa pili, maana huenda kuna mtu amekaa pale pale ng'ambo ya mstari, ukimwita anaitika.

Hiyo sehemu ya kuchungulia ndiyo niliyoifuta. Ilikuwa inafanya simu igande, nami nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha watu kitu kinachoenda kasi, nikajisemea, ah, nani mwenye bahati mbaya ya kuishi juu ya mstari, nitairudisha baadaye.

Mke wangu Sabina mimba yake ilikuwa imefika ukingoni, na mama yake alikuwa ametoka kijijini Bujora kuja kumwangalia. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe hawazoeani. Hatuli pamoja, hatutazamani usoni, na akiwa na neno na mimi analipitisha kwa mtu mwingine hata kama nimesimama pale pale, na jina langu halitaji, ni "mume wa Sabina" basi. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Lakini nilikuwa nimeshasikia kwa watu kwamba kule Bujora akiulizwa mkwe wake anafanya kazi gani anajibu kwamba anashinda anachezea simu, na hilo lilikuwa linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Jumamosi asubuhi sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Sebule imejaa akina mama, wako katikati ya sala, Sabina akashika mkono wa kiti na kusema kwa sauti ndogo, "Mama, chupa imepasuka." Sala ikaishia hapo. Kila mtu akawa anatafuta kanga, anatafuta beseni, na mmoja akasema tuvuke tu barabara tukachukue bajaji pale kijiweni.

"Muulizeni mume wa Sabina usafiri uko wapi," akasema mama mkwe, macho kayaelekeza dirishani.

Mama Koku, mwenyekiti wa jumuiya, akanigeukia. "Baba, unaulizwa usafiri."

Na hapa, jamani, ndipo shetani aliponipata. Ningesema "bajaji hizo hapo" mambo yangeisha, lakini nikaona hii ndiyo siku yenyewe, nikawaambia akina mama watulie, gari liko kiganjani mwangu, nikabonyeza. Simu ikasema kwa sauti (sauti yangu mimi, niliirekodi mwenyewe nikijikaza niwe kama mtangazaji): "Dereva wa karibu zaidi amepatikana."

Akina mama wakaguna kwa kuridhika. "Kumbe ndiyo kazi yake hii," akasema Mama Koku, na mama mkwe akageuza uso kutoka dirishani akaitazama ile simu, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekubali. Mwenzenu nilivimba kichwa pale, hata Sabina aliyekuwa anauma kanga kwa uchungu sikumwona vizuri.

Muda ukapita, gari hakuna. Nikatoka uani nikampigia dereva, kijana anaitwa Masanja, nilimwandikisha mwenyewe.

"Bosi, nimeona ombi lako," akasema. "Niko foleni, nasubiri feri."

"Feri ya wapi?"

"Niko Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Nilileta abiria huku."

Nikafuta ombi, nikaita upya, nikaletewa Masanja. Nikafuta tena, Masanja. Ndipo nikafungua ramani yangu kuutazama mti ulivyopasua mji, na kumbe mstari wa kwanza kabisa ulikuwa umepita juu ya barabara ya Shinyanga, mbele ya mlango wangu. Bajaji zote za kijiweni, pamoja na zile nilizoziandikisha, ziko ng'ambo ya barabara, yaani ng'ambo ya mstari, na upande wetu hakuna dereva hata mmoja, ni nyumba, mawe, ziwa, halafu baada ya ziwa lote hilo ndiyo Masanja. Programu ilikuwa imefanya kama nilivyoiagiza. Ilitazama upande wetu peke yake ikamchukua aliyekuwepo.

Mtu mwenye akili angeingia ndani akasema nimekosea, twendeni tuvuke. Mimi nilisimama mlangoni nikasema "anakuja", nikaona mama mkwe anamfuta Sabina jasho, na badala ya kuona huruma nikaanza kupanga uongo mwingine. Nikawaza nivuke kimyakimya, nichukue bajaji yoyote, nimfundishe dereva aseme katumwa na programu, nani atajua?

Nikavuka. Nikampata mzee mmoja pale kijiweni, nikamwamkia, shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akanitazama kwa kunihurumia. "Mgonjwa yuko wapi?" akauliza. Nikamwambia yupo hapo tu, ila kwanza aseme, "Nimetumwa na simu, nilikuwa karibu." Akasema, "Nimetumwa na nani?" Nikamrudia maneno yale yale. Wenzake wakasogea kusikiliza, mmoja akataka aelezwe na yeye simu inamtumaje mtu asiyekuwa nayo, maana yule mzee alikuwa na kitochi tu, simu ndogo isiyo na intaneti, na mimi badala ya kuondoka nikawa nafafanua, nafafanua kabisa kwa mikono, mpaka nikaona wote wanatazama nyuma yangu.

Akina mama walikuwa wanavuka barabara. Mama Koku katangulia ameinua mikono juu, malori yamesimama huku na huku, na katikati wamemwegemeza Sabina mabegani mwao, mama yake kamshika kiuno. Walikuwa wamechoka kunisubiri. Na yule mzee, Mungu amsamehe, alipowaona akadhani ndiyo muda wake, akasema kwa sauti kubwa kama mtoto anayesoma shairi darasani, "Nimetumwa na simu, nilikuwa karibu."

Hakuna aliyecheka. Sabina aliinua uso, midomo imekauka, akaniuliza, "Wewe unafanya nini huku?"

Wakampakia. Mama yake upande huu, Mama Koku upande ule, nafasi yangu haikuwepo na hakuna aliyeitafuta. Nikafuata nyuma kwa bodaboda nimekumbatia beseni. Hawakufika kituo cha afya. Mtoto alizaliwa ndani ya bajaji, pembeni ya barabara, akina mama wakishikilia kanga kuzuia macho ya wapita njia, na mimi mwenye mtoto niko upande wa nje wa hizo kanga pamoja na wapita njia. Nikasubiri kusikia kilio. Kilichelewa. Nasema kilichelewa, na aliyewahi kusubiri kilio cha mtoto anajua ninachosema, nilimwomba Mungu aniondolee kila kitu, programu, kazi, macho, aniachie hicho kilio tu. Kikaja, kidogo, kama cha paka.

Kituo cha afya wakampokea Sabina haraka kwa sababu alikuwa anatoka damu nyingi. Nesi akatoka akiwa amekunja uso. "Mnatoka wapi mpaka mkazalishana njiani?"

"Buhongwa," nikasema.

"Buhongwa hii ya bajaji kila kona?"

Tukakaa kwenye benchi, mama mkwe mwisho huu, mimi mwisho ule, Mama Koku katikati na rozari yake, tukisubiri kuambiwa kama damu imekatika. Na hapo hapo simu yangu ikapiga kelele mfukoni, kwa ile sauti yangu ya mtangazaji: "Dereva wako amefika. Asante kwa kumchagua wa karibu." Masanja alikuwa ameshavuka ziwa, yuko mlangoni kwangu, anapiga honi.

Nilihangaika kuizima, ikasema tena.

Mama mkwe akageuka. Hakumtazama Mama Koku, alinitazama mimi, usoni, macho kwa macho. "Josefu," akasema, "mwambie arudi kwao." Mama Koku aliacha kusali. Tangu nimwoe Sabina yule mama alikuwa hajawahi kunitamkia neno, na sasa alisema na mimi kama anavyosema na kijana yeyote wa sokoni, na nilielewa kabisa nilichopoteza pale kwenye benchi.

Damu ilikatika jioni, namshukuru Mungu. Mama mkwe akamchukua mwanawe na mjukuu kwenda kuwalea Bujora, na huko wako mpaka sasa. Ile sehemu ya kuchungulia ng'ambo ya mstari nimeirudisha, inafanya kazi vizuri, watu wanaisifu. Nimeapa kwamba mtu wangu akishikwa na maumivu tena simu itabaki mfukoni, nitatoka na miguu yangu kuita wa jirani, na nikikosea nitasema nimekosea hapo hapo, wanicheke nikiwa bado na muda.

Sabina hajanigombeza, afadhali angenigombeza. Wiki iliyopita nilikwenda kuwaona, nikaomba nimpakate mtoto, nikamuuliza Sabina wamempa jina gani. Akasema bibi yake ndiye aliyechagua, na padre ameshaandika. Anaitwa Njile, jina tunalompa mtoto aliyezaliwa njiani. Nikamwita, Njile, akafungua macho akanitazama, na siku moja ataniuliza ilikuwaje akazaliwa njiani wakati bajaji zilikuwa mbele ya mlango.